Nani Aligundua Kijidudu Hiki? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Historia ya Vijidudu na Watu Waliovibaini

Kwa nini muulize "nani aligundua"? Si imeandikwa vitabuni?

Imeandikwa, na ndiyo maana tunauliza. Kitabu cha shule hutoa jina moja, mwaka mmoja na nchi moja. Ukisoma barua na makala za wakati ule unakuta umati: aliyeona kwanza akapuuzwa, aliyeona akadhani si kitu, aliyekusanya inzi, mgonjwa aliyetoa damu, na yule aliyekuwa na sauti ya kuwafanya wengine waamini. Nimefundisha kazi za maabara kwa miaka mingi, na maswali haya ndiyo wanafunzi hunirudia nayo kila mwaka. Majibu yangu yameegemea visa vichache ninavyovijua vizuri, vingi vikiwa vya kandokando ya Ziwa Viktoria na njia za misafara za bara, kwa kuwa elimu ya vijidudu ilijipatia sifa zake nyingi huku kwetu.

Kugundua na kuvumbua ni kitu kimoja?

Siku hizi tunasema mtu amevumbua anapotengeneza kitu ambacho hakikuwepo, kama chanjo au hadubini. Amegundua anapong'amua kitu kilichokuwepo kabla yake. Lakini Kiswahili kina maneno mengine yanayofaa zaidi hapa: kuona, kushuku, kubaini, kuthibitisha, kutangaza. Kila moja laweza kuwa na mwenyewe. Ugomvi mwingi katika historia ya vijidudu umezaliwa pale kazi ya watu watano ilipobanwa ndani ya kitenzi kimoja, na kitenzi hicho kikapewa mtenda mmoja.

Nani alikuwa wa kwanza kuona bakteria?

Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi. Alikuwa ameloweka pilipili manga kwenye maji akitaka kujua kinachoifanya iwashe, na chini ya kioo chake kidogo cha kukuza akaona viumbe vikiogelea. Oktoba 1676 aliwaandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London.

Kwangu mimi kilicho kizito ni jinsi alivyoaminiwa. Hakuwa na shahada, hakujua Kilatini, na siri ya kutengeneza vioo vyake bora alikataa kuitoa. Waliojaribu London hawakuona kitu mwanzoni. Basi akafanya kama anayegombea mpaka wa shamba: akaita watu wanane wenye heshima mjini kwake, wakiwemo wachungaji, wakachungulia wenyewe kisha wakatoa ushahidi wa maandishi. Mwaka 1677 Robert Hooke alifanikiwa kuviona pia, na mwaka 1680 Leeuwenhoek akachaguliwa kuwa mwanachama. Elimu ya vijidudu ilianza kwa kioo na kwa mashahidi.

Kwa hiyo kuona peke yake hakutoshi?

Hakutoshi. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoingia Firenze, Italia, Filippo Pacini alichunguza utumbo wa waliokufa, akakuta bakteria waliojipinda kama mkato wa maandishi, akaandika kwamba hao ndio chanzo. Madaktari wa nchi yake waliamini kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Hawakumpinga hata kwa kelele, hawakumsikia tu. Alikufa mwaka 1883. Miezi michache baadaye Robert Koch, akiwa na serikali ya Ujerumani nyuma yake na magazeti yakimfuata kutoka Aleksandria hadi Kolkata, alitangaza bakteria yule yule, na dunia ikasikia. Haki ya Pacini ilirudishwa mwaka 1965 tu, jina lake lilipowekwa rasmi pamoja na jina la kisayansi la bakteria huyo.

Na hata Koch hakuaminiwa na wote. Mwaka 1892 profesa Max von Pettenkofer wa München alikunywa mchuzi wenye bakteria wa kipindupindu mbele ya mashahidi, akaharisha kidogo, akapona, akasema imethibitika kwamba bakteria peke yake hatoshi. Hakuwa mjinga. Alikuwa na hoja kuhusu udongo, maji na hali ya watu ambayo Koch hakuwa na jibu lake lote.

Kanuni za Koch ni zipi?

Kwa ufupi: kijidudu kikutwe kwa kila mgonjwa wa maradhi hayo, kitolewe na kuoteshwa peke yake, kikipandikizwa kwa kiumbe mzima kimuuguze, kisha kipatikane tena kwake. Koch mwenyewe alilazimika kuzilegeza kwa kipindupindu, kwa sababu hakupata mnyama wa kumuuguza kama binadamu anavyougua. Kanuni zile zilikuwa njia ya kufunga mjadala kati ya wataalamu, na kila kizazi kimezirekebisha.

Nani aligundua chanzo cha malale?

Hapa ndipo wanafunzi wangu hugawanyika pande mbili.

Mwaka 1901, katika hospitali ya wamisionari ya Mengo, ndugu wawili madaktari, Albert na Jack Cook, waliandika kuhusu wagonjwa wa kwanza wa maradhi ambayo Waganda waliyaita mongota, yaani malale. Katika miaka iliyofuata, Busoga, pwani ya Buganda na visiwa vya ziwani vilipoteza watu ambao hukadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Royal Society ilituma watu watatu mwaka 1902: George Carmichael Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika miezi michache tu nyuma, wakavuka ziwa hadi Entebbe.

Walikuja na jibu mkononi. Patrick Manson, mkubwa wao wa London, alishuku mnyoo mdogo wa damuni wa jamii ya filaria. Wakachunguza: wakakuta sehemu zenye mnyoo huo lakini hazina malale, na zenye malale lakini hazina mnyoo. Dhana ikafa. Low akarudi kwao. Castellani, kijana Mwitalia wa miaka 28, akabaki Entebbe na hadubini yake, akakuta bakteria aina ya streptokoki katika miili ya waliokufa. Akaamini amemaliza kazi.

Novemba 1902 alichukua maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, akayazungusha kwa mashine hadi mashapo yakashuka, akaweka tone kwenye slaidi. Ndani yake kulikuwa na tripanosoma, kimelea chenye mkia kinachojinyonganyonga. Hakuna aliyewahi kukiona mahali hapo kwa mgonjwa wa malale. Naye hakukipa uzito. Akili yake ilikuwa kwa streptokoki.

Machi 1903 akafika David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ambaye miaka minane hivi kabla yake, kule Zululand, alikuwa ameonyesha kwamba nagana ya ng'ombe husababishwa na tripanosoma inayoletwa na mbung'o. Castellani akamweleza alichokiona. Kwa Castellani tripanosoma ilikuwa ajabu ya pembeni. Kwa Bruce ilikuwa sura anayoijua. Wakachunguza wagonjwa pamoja kwa wiki chache, wakaikuta kwa wengi. Castellani akarudi Ulaya mwezi Aprili na kuchapisha makala yake. Bruce akabaki, akaonyesha kwamba mbung'o anayekaa kandokando ya ziwa ndiye mpitishaji.

Kisha ugomvi, tena wa miaka, katika majarida na magazeti ya Uingereza. Upande wa Bruce ulisema Castellani alikuwa ameshaitupa tripanosoma, na angeondoka Entebbe akihubiri streptokoki. Castellani akajibu kwamba Bruce hakuwa amewahi kuiona tripanosoma kwa mgonjwa wa malale hadi yeye alipomwonyesha.

Nimeusoma ugomvi huu mara nyingi, na naona kila mmoja alisema kweli. Mmoja aliona asijue ameona nini. Mwingine alijua asingeona bila ya mwenzake. Tena kule Gambia, mwaka 1901 na 1902, madaktari Forde na Dutton walikuwa wamekwisha kuikuta tripanosoma katika damu ya Mzungu nahodha wa meli ya mtoni, ila hakuna aliyeihusisha na malale. Mgonjwa ambaye tone lile lilitoka mgongoni mwake hakutajwa na upande wowote katika kudai haki.

Ni kweli machifu wa Buganda walishiriki?

Ni kweli. Bruce hakuwa na miguu ya kulizunguka ziwa lote. Ramani iliyowaaminisha watu London ilitegemea utawala wa Buganda: kwa msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa ufalme ule, na wa wamisionari, machifu waliombwa watume inzi wanaouma wa maeneo yao na waseme kama kuna malale. Vifurushi vikaja Entebbe. Kila kifurushi kikawekwa alama kwenye ramani, na ikaonekana wazi kwamba mbung'o na malale wanakaa mahali pamoja, kwenye ukanda wa miti ya pwani na visiwani, na bara kavu hawapo.

Mtu atauliza, je, kukusanya inzi ni sayansi? Nami nauliza, ramani ile ingekuwa na nini bila ya inzi? Chifu aliyewaambia watu wake wakamate *kivu*, ndivyo Waganda wanavyomwita mbung'o, alitegemea watu waliomjua inzi yule kwa sura, kwa saa zake na kwa mahali anapojificha. Kagwa anakumbukwa katika historia hii kwa sababu alikuwa mkubwa. Wakamataji hawakumbukwi.

Bruce hakukosea popote?

Alikosea. Aliamini mbung'o hubeba kimelea mdomoni kama sindano chafu, kutoka mtu hadi mtu kwa siku moja mbili. Mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine, akifanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba tripanosoma hukua kwanza ndani ya inzi kwa muda wa wiki tatu hivi kabla hajaweza kuambukiza. Bruce alirudia jaribio hilo, akakubali.

Homa ya papasi iligunduliwa na nani?

Jina la Kiswahili limeshajibu nusu ya swali.

Papasi ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafuni. Hutoka usiku, hunyonya damu, hurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila chakula. Homa anayoileta hupanda, hutulia siku kadhaa, kisha hurudi. Wapagazi na wafanyabiashara wa njia za misafara walizijua nyumba zenye papasi na waliziogopa. David Livingstone aliwataja kupe wa aina hii na madhara ya kuumwa nao katika maandishi yake ya mwaka 1857, akieleza mambo ambayo wenyeji walikuwa wanayajua.

Mwaka 1904 na 1905 makundi matatu, bila ya kutumana, yalithibitisha jambo hilo kwa hadubini. Uganda walikuwepo Philip Ross na Milne. Kongo walikuwepo Joseph Everett Dutton, yule yule wa Gambia, na John Todd, waliotumwa na chuo cha tiba cha Liverpool. Na Robert Koch alikuwa kwenye koloni la Wajerumani, akichunguza vibanda vya kupumzikia kwenye njia ya misafara kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Bakteria mwenyewe, mwembamba aliyejisokota kama skrubu, alikuwa jamaa wa yule ambaye Otto Obermeier alimwona Berlin mwaka 1868 katika damu ya wagonjwa wa homa ya aina hiyo inayoletwa na chawa.

Koch aliongeza kitu ambacho hakuna msafiri angekijua kwa macho: bakteria hupita kutoka kwa papasi jike hadi mayai yake, kwa hiyo watoto wake huzaliwa wakiwa tayari na maambukizi. Ndiyo maana kibanda kimoja huweza kuwa hatari kwa miaka. Aliwashauri wasafiri walale mbali na vibanda hivyo, ushauri ambao mpagazi yeyote mzoefu angempa bure.

Dutton aliambukizwa homa ile ile aliyokuwa akiichunguza. Alifia Kasongo, Maniema, Februari 1905. Bakteria leo anaitwa *Borrelia duttonii*, na kati ya majina yote ya watu yaliyopewa vijidudu, hili sina ugomvi nalo.

Basi tuseme wenyeji ndio waliogundua?

Sipendi kuwapa watu tuzo ya kuwafariji. Tuseme walichokijua. Walijua mdudu, walijua mahali, walijua saa zake, walijua homa hurudi, na walijua jinsi ya kuepuka. Hawakujua bakteria wala habari ya mayai. Wataalamu wa maabara walijua haya mawili ya mwisho na wakajifunza mengine kwa kuambiwa. Huo ni ujuzi wa aina mbili uliokutana, na aina moja ndiyo iliyokuwa na mahali pa kuchapishwa.

Kuna kisa cha Zululand kinachonigusa zaidi. Wazungu wa kule walisema nagana huletwa na mbung'o. Wazulu walisema huletwa na wanyama wakubwa wa porini. Bruce alipochunguza akakuta mbung'o ndiye anayepitisha, na wanyama wa porini ndio wanaokihifadhi kimelea katika damu yao bila ya kuugua. Pande zote mbili zilikuwa zimeshika kweli. Lakini kimelea kikaitwa *Trypanosoma brucei* mwaka 1899, kwa heshima ya Bruce.

Wanasosholojia wanasemaje kuhusu watu wengi kugundua kitu kimoja kwa wakati mmoja?

Robert Merton wa Marekani aliandika mwaka 1961 kwamba hali hiyo ndiyo ya kawaida, na kwamba ugunduzi wa mtu mmoja peke yake ndio unaohitaji kuelezwa. Maswali yakiiva na vifaa vikiwepo, watu kadhaa hufika. Mwaka 1968 akaongeza jambo ambalo wafanyakazi wa maabara wanalijua kwa uchungu: mwenye jina hupewa sifa zaidi ya stahili yake, asiye na jina hupewa pungufu, hata kazi ikiwa sawa. Alilipa jambo hilo jina kutokana na Injili ya Mathayo, pale penye neno kwamba aliye nacho ataongezewa. Baadaye, mwaka 1980, mtakwimu Stephen Stigler alisema hakuna ugunduzi wa kisayansi unaobeba jina la mgunduzi wake wa kwanza, kisha akasema hata kanuni hiyo mwenyewe wake ni Merton.

Ninayemrudia mimi zaidi ni Ludwik Fleck, daktari Myahudi wa Lwów, mji uliokuwa Poland wakati ule. Alikuwa mtu wa maabara kabla ya kuwa mwanafalsafa. Mwaka 1935, akifuatilia jinsi kipimo cha damu cha kaswende kilivyokubalika, alionyesha kwamba mtu huona kile ambacho jumuiya yake ya kifikra imemfundisha kukiona. Mwanafunzi akiwekewa slaidi kwa mara ya kwanza huona madoa. Baada ya miezi sita kwa mwalimu huona malaria. Naliona jambo hilo kila muhula. Ukiwa na Fleck mkononi, kisa cha Castellani na Bruce hakikushangazi tena: kimelea ni kile kile, macho yalifundishwa shule mbili. Wanazi walimfunga Fleck Auschwitz na kisha Buchenwald, wakimtumia kwa kazi ya maabara. Alinusurika. Kazi yake ilisomwa na wachache sana hadi baada ya kifo chake mwaka 1961.

Koch alifanya nini Visiwa vya Ssese?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu kamili.

Mwaka 1906 Koch, akiwa ameshapata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, aliweka kambi kwenye kisiwa cha Bugala, Ssese, upande wa Uganda. Alikuja na atoksili, dawa yenye arseniki. Aliwadunga zaidi ya watu 1,000. Mwanzoni tripanosoma zilitoweka katika damu, na waliokuwa wamebebwa wakaanza kutembea. Kisha zikarudi. Akaongeza dozi. Maumivu na kizunguzungu vikafuata, na wagonjwa 22 wakapofuka moja kwa moja. Ndipo alipoachana na dozi kubwa. Wagonjwa wengine walikuwa wameshakimbia.

Alipendekeza pia wagonjwa watengwe kambini, na kambi kama hizo zikajengwa upande wa Wajerumani kandokando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Waingereza nao wakawahamisha watu wa pwani na visiwani kwa amri ya gavana Hesketh Bell. Maambukizi yalipungua, na watu walipoteza migomba, makaburi na mitumbwi yao.

Mwaka 1890 Koch alikuwa ametangaza Berlin dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, iliyoshindwa. Wagonjwa walikufa, na magazeti na madaktari wa Ujerumani walimbana hadharani. Wagonjwa wa Ssese hawakuwa na bunge wala gazeti la Berlin la kuwasemea. Ninapofundisha maabara, hii ndiyo tofauti ninayotaka ionekane. Mtafiti alikuwa yule yule na pupa ilikuwa ile ile, lakini mahali pa pili ukoloni ulimpa miili ya watu bila ya mtu kumuuliza. Utafiti wa dawa za arseniki uliochochewa na atoksili ulimpeleka Paul Ehrlich hadi Salvarsan, iliyoanza kuuzwa mwaka 1910 kutibu kaswende.

Wanawake walikuwa wapi?

Maabarani. Mary Bruce, mke wa David, alikaa naye Zululand na Uganda akitazama slaidi na kuchora vimelea. Walikufa Novemba 1931 wakiwa wamepishana siku nne, na Bruce, kwa inavyosimuliwa, aliomba kila atakayeandika habari zake asiache kazi ya mkewe. Kimelea hata hivyo kina jina la mmoja.

Fanny Hesse namtaja kila ninapofungua sahani ya kuoteshea bakteria. Mumewe, Walther, alifanya kazi kwa Koch miaka ya 1880. Wakati huo bakteria walioteshwa juu ya gelatini, ambayo wakati wa joto iliyeyuka. Fanny alijua kitu ambacho hakiyeyuki, kwa sababu alikuwa akigandishia jeli na vyakula vitamu kwa agari, ujuzi alioupata kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari hutolewa kwenye mwani mwekundu, na jina lake ni la Kimalay. Koch aliitaja agari mwaka 1882 katika makala yake ya kifua kikuu, bila ya kumtaja Hesse yeyote. Sahani ya kioo iliyokuja mwaka 1887 ilipewa jina la Petri, msaidizi wa Koch, na hadi leo kila mtu husema "sahani ya Petri", ingawa kinachofanya kazi ndani yake ni jiko la Fanny na la akina mama wa Java. Wasomaji wa Zanzibar huuliza kama ni mwani wao: hapana, unaolimwa Paje na Jambiani hutoa karajini, jamaa yake.

Kwa nini magonjwa hubeba majina ya vijiji vyetu, na vijidudu majina ya Wazungu?

Kila mtu auone mwenyewe. Zika ni msitu karibu na Entebbe, ambako virusi vilipatikana kwa nyani aliyewekwa kama mtego mwaka 1947. Naili Magharibi ilikuwa wilaya ya Uganda, mwaka 1937. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Bundibugyo, jina la aina mojawapo ya Ebola, ni wilaya ya Uganda, mwaka 2007. Upande wa pili ni Bruce, Dutton, Petri. Mahali petu pamekuwa pa kupatia ugonjwa, na watu wao wamekuwa wa kupatia heshima.

Kuna majina mawili yanayotoka kwa wagonjwa wenyewe, na nayapenda kwa sababu hiyo. Chikungunya ni neno la Kimakonde linaloeleza mtu aliyekunjamana kwa maumivu ya viungo, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. O'nyong-nyong ni la Kiacholi, kutoka mlipuko wa mwaka 1959. Wamakonde walieleza dalili kwa usahihi kiasi kwamba daktari hakuona haja ya kutafuta neno jingine. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali wala ya watu.

Na Ebola?

Mwaka 1976, Jean-Jacques Muyembe, daktari Mkongomani aliyesomea virusi Ubelgiji, alitumwa Yambuku, kijiji cha Kongo (wakati ule Zaire) kulikozuka ugonjwa usiojulikana. Alitoa damu kwa wagonjwa bila glavu, kwa sababu hazikuwepo, akaona damu haikomi pale sindano ilipotoka. Akamshawishi mtawa mgonjwa waende naye Kinshasa. Damu yake ikasafirishwa kwenye chupa ya chai hadi Antwerpen, ambako Peter Piot, kijana wa miaka 27, alikuwa mmoja wa walioifungua. Wamarekani wa Atlanta wakathibitisha kuwa ni virusi vipya. Jina likachukuliwa kwa mto, ili Yambuku isibebeshwe aibu. Kati ya watu 318 walioambukizwa, 280 walikufa. Kwa miongo mingi simulizi iliyosambaa Ulaya ilianzia chupa ilipofika, si sindano ilipochomwa.

Tofauti na wengi waliotajwa hapo juu, Muyembe aliishi kuiona sehemu ya pili. Mwaka 1995 kule Kikwit yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya waliopona, na saba wakanusurika. Baadaye damu ya mmoja wa walionusurika mlipuko ule ilitoa kingamwili (protini ya damu inayopambana na virusi) iliyokuwa dawa, ikajaribiwa mwaka 2018 na 2019 Kivu Kaskazini, Beni na Butembo, ambako wagonjwa wengi walielezwa utafiti kwa Kiswahili. Mwaka 2020 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani.

Kusema haya yote si kuidharau sayansi?

Sioni hivyo. Papasi huleta homa hata kama anayesema ni Koch. Ninachodai ni hesabu ya kweli ya nani alifanya nini.

Nikikuta kitabu kimeandika "Fulani aligundua", nianze vipi kuchunguza?

Tafuta makala ya kwanza yenyewe, uanze na aya ya shukrani, sio kichwa. Angalia sampuli ilitoka kwa nani, ilisafiri vipi, na leo imehifadhiwa wapi. Linganisha tarehe ya kuona na tarehe ya kuchapisha. Katikati ya hizo mbili ndipo ugomvi hukaa. Kisha tafuta jina la ugonjwa katika lugha ya mahali pale kwenye kamusi za zamani, uone kama neno liliwahi kuwepo kabla ya makala. Nilipowapa wanafunzi wangu kazi hii kwa homa ya papasi, mmoja wao alirudi na swali ambalo tangu hapo naliandika ubaoni siku ya kwanza ya somo: Dutton alipofika kwenye zile nyumba, nani alimwonyesha ni ufa upi achokonoe?